Acheni kuuzunguka mlima

Ukimwomba mtu yeyote hapa Moshi akuchoree njia ya baiskeli za changarawe, zile za matairi mapana za kupita barabara zisizo na lami, atakuchorea duara. Mlima Kilimanjaro uko katikati ya ramani, barabara imeuzunguka, kazi imekwisha: Moshi, Himo, Marangu Mtoni, Mkuu, Tarakea, Rongai, Kamwanga, Ol Molog, Sanya Juu, Boma Ng'ombe, Moshi. Duara linapendeza kwenye tangazo, na linauzika kwa mgeni aliyekwisha kukipanda kilele cha Kibo na sasa anatafuta namna ya pili ya kujisifu. Hata vijana wetu wa klabu za baiskeli wamelipokea kama lilivyo, kiasi kwamba asiyewahi kulimaliza hahesabiwi kuwa mwendeshaji.

Kwangu mimi hilo ndilo chaguo dhaifu kuliko yote tuliyo nayo katika ukanda huu wa mpakani. Changarawe nzuri ya Kilimanjaro haizunguki. Inapanda na kushuka, na iliyo bora zaidi iko wilayani Rombo, kati ya barabara ya juu ya lami na mstari wa Kenya kule chini, sehemu ambayo magari ya kusindikiza wageni huipita mbio bila kusimama.

Tuanze na lami. Kutoka Himo hadi Tarakea leo ni lami tupu. Upande wa magharibi nako lami imetoka Boma Ng'ombe, ikaipita Sanya Juu na kuendelea kuelekea kaskazini. Sina ugomvi nayo. Mtu anayekumbuka kumkimbiza mjamzito kutoka Useri hadi hospitali wakati wa masika, enzi za tope, hawezi kuilaani lami eti waendesha baiskeli wamekosa vumbi. Ila tuseme yaliyopo: anayefanya duara zima siku hizi anatumia sehemu kubwa ya safari pembezoni mwa lami nyembamba, akipishana na Fuso za mahindi, Noah zilizojaza hadi kwenye buti na mabasi yanayowahi Dar. Kwa baiskeli yenye tairi la milimita 45, lililotengenezwa kwa ajili ya kokoto, huo ni mzigo usio na faida. Changarawe yenyewe anakuja kuikuta kaskazini-magharibi akiwa amechoka, jua liko utosini, na kule ndiko kwenye upepo na vumbi kuliko kwingine kote.

Sababu ya pili ni ya umbo la nchi, na hii ndiyo wachora njia wa kwenye simu hawaioni. Kilimanjaro ni volkano. Maji yanashuka kutoka msituni kwenda pande zote, na kila mto umechimba korongo lake. Kati ya korongo na korongo kuna mgongo, na kwenye migongo hiyo ndiko watu waliko, na vihamba vyao, migomba, kahawa, makanisa na shule. Barabara ya kuzunguka mlima haina budi kukata kila korongo. Inashuka, inavuka daraja, inapanda, na baada ya dakika chache inaanza upya. Penye lami, wahandisi walikata kingo na kumwaga kifusi, maumivu yakapungua. Penye njia za udongo za kupita ubavuni, kama zile za juu ya Kilema na Marangu, hakuna aliyemwaga chochote. Unateremka umeng'ang'ania breki, unavuka kijito, unashuka kwenye siti na kusukuma. Jioni saa yako inakuambia umepanda mita za kutisha, nawe ukigeuka unaliona kanisa ulilolipita asubuhi.

Barabara zinazofuata mgongo ni habari nyingine kabisa, na asili yake inaeleza kwa nini ziko nyingi. Familia ya Kichagga ya tangu zamani ilikuwa na kihamba juu, penye nyumba, migomba na ng'ombe wa zizini, na shamba chini, kwenye ukanda mkavu, la mahindi, maharage na ulezi. Ng'ombe hatoki zizini, kwa hiyo majani yake lazima yapande kutoka chini. Mavuno nayo yapande. Jembe na mbegu vishuke. Kizazi kwa kizazi watu walewale wamekuwa wakienda na kurudi kwenye mstari uleule wa wima. Miguu ilitangulia, baiskeli zikafuata, pikapu na bodaboda zikaja kupanua. Ndiyo maana ukiwa barabara ya juu ya Rombo unaelekea Tarakea, kila baada ya mwendo mfupi kuna njia ya udongo inateremka kulia kwako. Ziunganishe na barabara ya chini inayotoka Holili kupitia Chala kwenda Tarakea, utaona ngazi imelala ubavuni mwa mlima: mihimili miwili inayokwenda sambamba na mpaka, na vipago vingi katikati.

Hapo ndipo pa kuchora njia. Unashuka kipago kimoja, unakwenda kilomita kadhaa kwenye mhimili wa chini, unapanda kipago kingine, unakunywa chai juu. Ukichoka unamalizia hapo hapo, maana lami haiko mbali na Noah ya kukurudisha Himo haikosekani. Ukipata nguvu unaongeza kipago. Duara halikupi ruhusa hiyo. Ukishaipita Rongai umenasa, na kilichobaki ni kumaliza au kupigia gari.

Chukua moja ya zile zinazoteremka kutoka Mamsera au Mengwe kuelekea Chala. Mwanzo uko chini ya migomba. Udongo ni mwekundu uliokolea, umeshikana, na katikati ya njia maji ya mvua yamechimba mfereji mwembamba wenye upana wa kuingia gurudumu la mbele barabara. Madereva wa bodaboda wamekwisha kuchagua mstari wao pembeni ya mfereji, umelainishwa na matairi yao, na huo ndio wa kufuata. Ukiuhama umejitakia. Ukishuka zaidi migomba inapisha mahindi na alizeti, joto linapanda, udongo unageuka kijivu wenye kokoto ndogo nyeusi za volkano, zile zinazokimbia chini ya tairi unapokata kona. Hapo breki ya mbele iguse tu. Chini kabisa ni migunga, mbuzi na mawe ya lava yaliyotapakaa, halafu ghafla ukingo wa kreta ya Ziwa Chala, kuta zimesimama na maji ya kijani na buluu yametulia chini yake. Umeshuka zaidi ya mita 500 bila kukanyaga lami. Mpaka wa nchi mbili unapita ndani ya ziwa lenyewe. (Usijitumbukize. Mwaka 2002 mamba alimuua kijana wa Kiingereza upande wa Kenya, na ziwa bado ni lile lile.)

Kurudi juu utapishana na waendesha changarawe wa kweli wa nchi hii. Kijana ana baiskeli ya chuma isiyo na gia, keria imebeba madumu ya maji au furushi la majani ya ng'ombe linalomzidi kimo. Anashuka amekaa, anapanda anasukuma, na breki ya nyuma ikishindwa anaisaidia kwa kandambili, akiikandamiza kwenye tairi mpaka inatoa moshi. Msalimie vizuri. Ndiye anayejua kipago kipi kimekatwa na mvua wiki iliyopita, na ushauri wake ni mpya kuliko ramani yoyote uliyopakua.

Kwenye makutano mengi ya Rombo kuna fundi baiskeli chini ya mti: karai la maji, pampu, msasa, solusheni na vipande vya tyubu kuukuu. Pancha ya kawaida anaiziba kabla soda yako haijaisha. Lakini tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya maji ndani, linampa kazi asiyoizoea, na spoku za urefu wa ringi yako hana. Kwa hiyo beba tyubu, hata kama uliapa kwamba umeachana nazo. Miiba ya migunga haiulizi tairi ulinunua kwa bei gani.

Sasa mpaka wenyewe, ambao ndio unaofanya njia hizi ziwe na utamu na matatizo kwa pamoja. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 kuupiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukanyooka kote isipokuwa hapa, ulipopinda ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Hadithi ya malkia Victoria kumpa mjukuu wake Mjerumani mlima kama zawadi ni porojo wanazozipenda waongoza watalii. Ila kupinda kwa mstari ni kweli, na unakuona ukiwa juu ya siti. Mpaka unatoka kaskazini-magharibi, unafika karibu na Rongai, unageukia kusini, unapita Chala, unaiacha Taveta ng'ambo, unagusa Ziwa Jipe, ndipo unanyooka tena kuelekea baharini. Rombo ikabaki imebanwa, msitu juu yake na nchi nyingine chini yake. Kajiado nako kuna Rombo yao. Na vipago vyetu vingi haviishii kwenye bikoni za mpaka. Vinaendelea, vikiwa vyembamba zaidi, hadi mashambani upande wa pili.

Hizo ndizo njia za panya. Mahindi, sukari, kahawa na petroli vimepita humo kwa miaka na miaka, kwenda au kurudi, kutegemea bei imepanda upande gani. Serikali ilipoufunga mpaka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kuufungua tena mwaka 1983, njia hizi hazikufa. Kwa baiskeli ni tamu kupindukia, na hapo ndipo mtego ulipo. Programu za kuchora njia, Strava na wenzake, zinafuata nyayo za waliopita na picha za setilaiti. Askari wa uhamiaji hazimwoni. Ukiiomba moja ikutoe Chala ikufikishe Tarakea kwa njia fupi isiyo na lami, usishangae ikikuvusha Kenya kilomita kadhaa na kukurudisha bila kukuambia neno. Ujumbe wa simu wa kukukaribisha Kenya nao si wa kutegemea, maana huku unaweza kuupata ukiwa umekaa kibandani Tanzania na chapati mkononi. Mnara wa ng'ambo unakushika tu. Na mtu aliyevaa miwani myeusi, kompyuta kwenye usukani, mikoba imefungwa kwenye fremu, akiibuka alfajiri kutoka njia ya magendo, asitegemee maongezi mafupi na mgambo.

Wapo wanaosema basi tukae mbali na mpaka kabisa, tubaki kwenye lami. Siwaelewi. Tiba ya njia isiyojulikana ni kuifanya ijulikane. Halmashauri ya Rombo ikikaa na uhamiaji, polisi na serikali za vijiji, ikachagua vipago kadhaa na kipande cha mhimili wa chini, ikaweka vibao vya mbao penye makutano na kutoa faili la njia lililokaguliwa na mtu anayejua bikoni ziko wapi, nusu ya matatizo yameisha. Mwenyekiti wa kijiji akijua kwamba watu wa baiskeli hupita Jumamosi, hatapiga simu kituoni kila akiona kofia ngumu.

Nusu nyingine iko juu ya uwezo wa Rombo. Njia ya maana kuliko zote ingekuwa ya nchi mbili: unatoka Holili, unaingia Taveta, unapanda kupitia Njukini hadi Illasit, unarudi Tanzania kwa Tarakea na kushuka kwa vipago vyetu hadi ulikoanzia. Kituo cha pamoja cha forodha cha Holili na Taveta kinafanya kazi tangu mwaka 2016, unamaliza mambo ya nchi zote mbili kwenye jengo moja, na kwa Mtanzania mwenye hati ya kusafiria hakuna viza ya kuingia Kenya. Tatizo ni mgeni, yaani yule yule anayelipa. Tangu mwaka 2014 kuna viza moja ya watalii inayotumika Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Mgeni wa baiskeli anayetaka kuvuka asubuhi na kurudi jioni lazima awe na kibali cha kila nchi, kwa safari ambayo mchunga mbuzi anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, mwendo wa saa chache tu kutoka Holili. Mkataba wake ulisainiwa hapo hapo Arusha, Novemba 1999. Sioni kwa nini jambo la kibali cha siku moja kwa waendesha baiskeli na wapanda milima lisijaribiwe kwenye mpaka huu kabla ya mwingine wowote.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Safari ya duara kama inavyouzwa mjini inafanyika hivi: gari la kusindikiza linapakia maji, matunda, mahema na mpishi kutoka Moshi au Arusha. Mgeni anapanda baiskeli, anakula chini ya turubai pembeni mwa barabara, analala kwenye hema, anapanda tena. Kijiji kinaambulia vumbi na kupungiwa mkono. Na kwa kuwa ni duara, habaki mahali popote usiku wa pili. Ngazi inamfanya mtu akae. Unapanga chumba Mkuu au Tarakea, unaacha mzigo, unatoka asubuhi na chupa mbili za maji, unarudi jioni mahali pale pale, na kesho yake unachagua kipago kingine. Mama wa mgahawa anakujua, anakuwekea ndizi nyama. Mtori wa asubuhi kwa mtu wa kupanda mita 600 hauna mpinzani, uwe na maziwa au uwe na mchuzi wa mfupa. Hiyo ni biashara ya watu wengi wadogo, na haihitaji kampuni kuja kuwekeza kitu.

Rwanda wameshatuonyesha. Njia ya Congo–Nile ina kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kandokando ya Ziwa Kivu, na Kongo inaonekana ng'ambo ya maji. Ni vilima kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukanda wa mpakani kama wetu. Waliipanga kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, malazi yako vijijini njiani. Baadaye lami ilijengwa kwenye ukanda huohuo, ikameza vipande vya njia, na bado watu wanakwenda, kwa sababu vipande vingine vya njia vinapita kwenye vijiji na mashamba, nje ya barabara kuu. Nchi hiyo hiyo mwaka 2025 ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Sisemi moja lilizaa lingine. Nasema jirani yetu aliacha mapema kuviona vilima vyake kama kikwazo.

Hapo pia ndipo ninapowajibu wanaohofia kwamba barabara ya chini ya Holili–Tarakea nayo itawekwa lami. Itawekwa. Iko mpakani, inaunganisha vituo viwili vya kuvukia, na barabara za namna hiyo hazisahauliwi milele. Ngazi haitakufa mihimili ikipata lami, ilimradi vipago vibaki vya udongo na vipitike. Vipago viko mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali waliochukua barabara za vijijini na mijini tangu mwaka 2017, na wanachokihitaji si lami. Ni mitaro, makalavati, na zege kwenye miinuko mikali tu. Wilayani Siha walishaijaribu kazi ya namna hiyo kwenye barabara ya Lawate–Kibongoto, kwa mistari miwili ya zege ya kupitisha magurudumu. Pikapu ya mahindi inapanda wakati wa masika, na mwendesha baiskeli hapotezi chochote. Kuchonga kwa greda pekee, bila mitaro na bila kushindilia, ni kuwaandalia watu wote vumbi la kifundoni mpaka mvua ya kwanza, halafu tope.

Mvua tuizungumze kwa kifupi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Udongo mwekundu wa juu ukilowa unateleza, ila unakauka upesi kwa sababu ya mteremko. Mbaya ni ule mweusi wa tambarare, upande wa Longido na Sinya, unaoganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Juni na Julai kusini mwa mlima kuna ukungu na baridi ya kukufanya ujute kuacha koti, wakati Tarakea, upande mkavu, jua linawaka. Mtu wa ngazi anaweza kuuhama ukungu kwa kwenda kaskazini vipago vichache. Januari na Februari anga ni safi, vumbi ni jingi.

Magharibi siwezi kupabeza. Mashamba ya ngano ya Ol Molog, uwanda wa Enduimet, na Kibo imesimama karibu kuliko unavyoiona kutoka Moshi, ni nchi ya kuendeshea baiskeli hasa. Ila ni nchi ya tembo pia. Ushoroba wa Kitendeni ndio unaounganisha msitu wa Kilimanjaro na Amboseli, na Enduimet ni hifadhi ya jamii yenye taratibu zake, ada zake na askari wake. Baiskeli haina kelele, na hilo kwa tembo aliyeshtushwa kwenye kona si jambo la kujivunia. Nenda na askari wa wanyamapori, lipa ada, maana fedha ile inarudi vijijini. Mashamba ya miti ya serikali ya Rongai na West Kilimanjaro nayo yana barabara za magogo za kuvutia mno, lakini ni za Wakala wa Misitu na ruhusa inaombwa kabla, na siku ya kupakia magogo hutaki kukutana na lori kwenye kona. Kwa sababu hizo zote magharibi panafaa kuwa safari yake yenyewe, iliyoandaliwa. Kupaweka kama mkia wa duara, mtu akipita jioni amechoka na giza linaingia, ni kukaribisha balaa.

Kwa mtu wa Moshi asiyetaka kwenda mbali na mji kuna Ugweno. Milima ya Upare Kaskazini inainuka juu ya Mwanga, na barabara zake za udongo zinapanda hadi Usangi na Shighatini, mahali ambapo upande mmoja unaliona Ziwa Jipe na tambarare za Kenya hadi macho yachoke. Miinuko yake ni mikali kuliko ya Rombo, na watu wake wana desturi ya kukuuliza unakwenda kwa nani. Jibu "natembea tu" haliwatoshi.

Kuna wanaoniambia kwamba bila mashindano makubwa hakuna atakayekuja. Wanatolea mfano Kenya, ambako tangu mwaka 2021 kuna mashindano ya changarawe ya Maasai Mara, siku nne, kilomita 650 hivi, yanayowakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wa Ulaya na Marekani. Ni mfano mzuri, na faida yake kubwa ilikuwa kuwapa vijana wetu uwanja wa kupimana na dunia bila kusaka viza ya Ulaya. Lakini mashindano yanahitaji barabara kufungwa, madaktari, wadhamini, na siku nne kwa mwaka. Rombo ina kitu kinachoweza kutumika wikiendi yoyote. Kama lazima kuwe na mashindano, basi yawe ya kipago kimoja: kutoka Chala hadi juu, kila mtu kwa muda wake, baiskeli za gharama na za chuma kwenye orodha tofauti, zawadi sawa. Ningependa kuwaona mabingwa wa klabu za mjini wakipandisha mwinuko ule na madumu mawili kwenye keria.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Kati ya wiki ya Krismasi na mwaka mpya usiende Rombo na baiskeli. Wachagga wote wa Dar, Arusha, Mwanza na Nairobi wanakuwa wamerudi nyumbani kuhesabiwa, barabara ya juu inajaa magari yenye madereva wasioijua tena, vyumba vya kulala havipatikani, na mbege inaanza saa nne asubuhi. Subiri wiki ya pili ya Januari. Watu wamerudi makazini, udongo umekauka, na mama wa mgahawa ana nafasi ya kukueleza kipago kipi kimechongwa.